Presha Yangu, Mafuta Yake

Mwaka juzi, mimi na jirani yangu wa ghorofa ya pili hapa Kibokoni, Mombasa, tulikwenda maabara asubuhi moja kabla ya kula chochote, tukatolewa damu tukiwa tumeketi kwenye viti vilivyotazamana, na tukarudi nyumbani na bahasha mbili zilizotushangaza sote. Kila mmoja wetu ana sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, ambayo wanawake wengi wa mji huu wanaijua kwa herufi zake nne tu, PCOS. Yeye ni Bohora, wa jamii ya Waislamu wenye asili ya Kihindi, mwembamba, na nguo za dukani humwenea bila kupelekwa kwa fundi. Mimi ni mnene, na nimekuwa mnene tangu nilipovunja ungo. Mpita njia akiulizwa nani kati yetu ana maradhi, atanyoosha kidole kwangu bila kusita. Hata hivyo bahasha yake ndiyo iliyoonyesha trigliseridi, yaani yale mafuta yanayozunguka katika damu, zikiwa juu, 2.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na yangu ilionyesha 0.8. Mhudumu aliyetusomea majibu aliniambia kwamba moyo wangu uko salama kabisa, akamwambia mwenzangu kwamba bila shaka alikula kitu usiku. Mwenzangu hakuwa amekula. Na hakuna aliyetupima presha.

Wiki tatu baadaye tulikuwa kwa shangazi tukichambua mchele wa arusi, na binamu yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa amenunua mashine ya presha akataka kuijaribu. Aliifunga mkononi mwangu, ikasoma 152 kwa 96, ambayo ni presha ya juu. Aliniambia nikae kimya dakika tano, nisizungumze, miguu yote miwili iwe chini, akapima tena kwa mkono mwingine, na nambari zikarudi karibu zilezile. Nilikuwa na miaka 31. Katika miaka yote niliyozunguka kutafuta sababu ya kukosa hedhi miezi minne kisha kutokwa na damu siku ishirini, niliulizwa mara nyingi kuhusu mume na mimba, lakini mkanda wa presha haukuwahi kufungwa mkononi mwangu.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata na kukielewa, na nimewauliza maswali madaktari wenye subira. Nililolifahamu ni kwamba PCOS haiugusi moyo wa kila mwanamke kwa njia moja, kwamba tofauti hizo baina ya jamii na jamii zimepimwa na kuandikwa, na kwamba mipaka ya vipimo tunavyopimwa navyo ilichorwa kwa miili ya wanawake wengine.

Maradhi haya yalielezwa na madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, mwaka 1935, walipoandika habari za wanawake saba. Kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa maradhi ya ovari na uzazi, na majumbani kwetu bado yanahesabiwa hivyo hivyo: mwanamke aliyeolewa asiposhika mimba ndipo hupelekwa akapigwe picha ya tumbo, na mwanamke ambaye hajaolewa huambiwa asubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Andrea Dunaif na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba miili ya wanawake hawa ni migumu kuitikia insulini, hata wale ambao si wanene. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili sukari iingie kwenye misuli, na insulini hiyo ya ziada huzisukuma ovari zitoe homoni za kiume kwa wingi, huku ini likipunguza protini ambayo kazi yake ni kuzifunga homoni hizo zisizurure. Ndipo yai halipevuki, hedhi hupotea, na nywele hujitokeza kidevuni. Ugumu huohuo wa kuitikia insulini ndio unaoshiriki kupandisha presha, kuvuruga mafuta ya damu na hatimaye kuleta kisukari. Kwa hiyo ovari na moyo wa mwanamke huyu vinakula sahani moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana PCOS, na kwamba hadi asilimia 70 yao duniani hawajui kuwa nayo. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 umesema waziwazi kwamba kuwa na PCOS kuhesabiwe kuwa jambo linaloongeza hatari ya maradhi ya moyo na mishipa. Mwongozo huo unataka mafuta ya damu yapimwe mwanamke anapogunduliwa, presha ipimwe kila mwaka, na sukari ichunguzwe mwanzoni kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea hatari aliyo nayo. Kipimo unachokipa nafasi ya kwanza katika sukari ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kusubiri saa mbili. Ni kweli kwamba hatari ya msichana wa miaka ishirini kupatwa na mshtuko wa moyo ni ndogo. Lakini mishipa huanza kuharibika mapema, na PCOS huanza mapema zaidi.

Sasa nije kwenye tofauti zenyewe. Utafiti mwingi unaolinganisha wanawake wenye PCOS kwa asili zao umefanywa Marekani. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za namna hiyo na kuwalinganisha wanawake weusi na weupe, wote wakiwa na PCOS. Wanawake weusi walionekana kuwa na insulini nyingi zaidi damuni, ugumu mkubwa zaidi wa mwili kuitikia insulini, na presha ya juu zaidi. Trigliseridi zao, kinyume chake, zilikuwa chini. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2017, uliwajumuisha pia wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na hao ndio walioonekana kubeba dalili nzito zaidi za kuvurugika kwa umetaboli, yaani namna mwili unavyokitumia chakula. Uingereza nako, madaktari wa Leeds waliandika mwaka 2002 kwamba wanawake wenye asili ya Asia Kusini walipata dalili wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao weupe, na insulini ilikuwa ikiwasumbua zaidi. Niliposoma hayo nilizitoa bahasha zetu mbili kabatini nikaziweka mezani, kwa sababu yaliyoandikwa Marekani kuhusu mwanamke mweusi na yaliyoandikwa Leeds kuhusu mwanamke wa asili ya Kihindi na Kipakistani ndiyo yaliyokuwa yametukuta mimi na jirani yangu, Kibokoni, asubuhi moja.

Hili la trigliseridi ndilo lililonikosesha usingizi, na naomba msomaji avumilie nilieleze kwa urefu. Madaktari wana orodha ya mambo matano wanayoitumia kumtambua mtu ambaye umetaboli wake umevurugika: kiuno kipana, trigliseridi zinazofika 1.7, kolesteroli nzuri iliyo chini ya 1.3 kwa mwanamke, presha inayofika 130 kwa 85, na sukari ya kabla ya kula inayofika 5.6. Matatu yakikutana, umehesabiwa. Kwa kawaida insulini ikishindwa kazi, kimeng'enya kinachoyavunja mafuta damuni nacho huzembea, na trigliseridi hupanda. Kwa hiyo trigliseridi za juu zimekuwa kama moshi unaotangaza moto. Lakini tafiti za taasisi za afya za taifa nchini Marekani, zilizowahusisha Wamarekani weusi na wahamiaji waliotoka Afrika, zimeonyesha kwamba trigliseridi zao mara nyingi hubaki chini hata insulini inaposhindwa, kwa sababu kimeng'enya kile huendelea kufanya kazi. Moto upo, moshi haupo. Mwanamke wa namna hii anaweza kupungukiwa na alama moja katika orodha ile na kuambiwa kwamba hajafika, ilhali mishipa yake haijui habari za orodha. Mimi niliambiwa moyo wangu uko salama kwa ushahidi wa nambari moja, na nambari hiyo ndiyo yenye uwezo mdogo zaidi wa kumsema mtu kama mimi.

Kwa jirani yangu, kosa lilikwenda upande wa pili. Uzito wake kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unatoa 23.4, na kwenye ubao uliobandikwa ukutani pale maabara hiyo iko kwenye rangi ya kijani, rangi ya wazima, kwa kuwa ubao ule huanza kulaumu watu kuanzia 25. Mwaka 2004 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianzie 23, kwa sababu wengi wao hubeba mafuta tumboni na kwenye ini huku misuli ikiwa michache, hata wakionekana wembamba. Tulichukua utepe wa fundi cherehani, tukampima kiuno: sentimita 84. Mpaka unaotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kwa mwanamke wa Asia Kusini ni 80. Kwa miaka sita watu walikuwa wakimsifu kwa wembamba wake, naye alikuwa akiona aibu kusema kwamba anachoka akipanda ngazi.

Hapa sina budi kuuliza swali ambalo mtu wa Mombasa haliepuki. Tafiti hizi zinaposema mwanamke mweusi, mweupe, Mwasia, zinamhesabu nani? Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mdigo wa Tiwi. Babu mzaa baba alikuwa mtoto wa Mhadhrami aliyeletwa na jahazi, na mkewe alikuwa Mbajuni. Nikitembea kutoka Mji wa Kale hadi Kongowea napishana na wanawake ambao hakuna kisanduku cha fomu kinachowatosha, na hata enzi za Waingereza, walipotugawanya kisheria kuwa wenyeji na wasio wenyeji, familia moja ilijikuta imekatwa katikati. Wanawake weusi wa tafiti za Marekani wengi wao asili yao ni Afrika Magharibi, kisha kuna karne kadhaa za maisha ya Marekani juu yake: chakula cha kule, ubaguzi wa kule, bima za kule. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliowapima presha watu wenye asili ya Afrika Magharibi waliokuwa wakiishi Afrika Magharibi kwenyewe, katika visiwa vya Karibi na pembeni mwa Chicago, na kiwango cha wenye presha kilipanda hatua kwa hatua kadiri walivyokuwa mbali na kwao. Asili yao ilikuwa moja, mishipa ikasema mambo matatu tofauti. Kwa hiyo sikubali kuambiwa kwamba presha ni ya Mwafrika na mafuta ni ya Mhindi, kana kwamba ni ada za harusi. Ninachokubali ni kwamba nambari ya kawaida hupatikana kwa kuwapima watu fulani, na mtu ana haki ya kuuliza ni watu gani.

Ziko tofauti nyingine ambazo hazihusu rangi bali kile mtu alichorithi, na hizo kwetu Pwani zina uzito mkubwa. Mimi nimebeba jeni moja ya selimundu. Si mgonjwa, ni mbebaji tu, kama walivyo wengi katika ukanda huu, ambako malaria ilikaa kwa vizazi na jeni hiyo moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Sasa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, hemoglobini A1c, husoma sukari iliyoshikamana na hemoglobini. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa Wamarekani weusi wenye ubebaji huu, kipimo hicho husoma chini kuliko kinavyostahili kwa kiwango kilekile cha sukari. Upungufu wa madini ya chuma nao, ambao mwanamke anayetokwa na damu siku ishirini huupata kwa urahisi, unaweza kukisukuma juu. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Kipimo hicho kilisoma asilimia 5.5, nikapongezwa. Nilipokunywa glukosi baadaye, kwa kusisitiza mwenyewe, sukari ya baada ya saa mbili ilikuwa 9.4. Kuanzia 7.8 mwili umeshaanza kushindwa, na 11.1 ni kisukari. Nilikuwa katikati ya njia hiyo, na pongezi yangu mkononi.

Jambo ambalo nikilikumbuka mikono hunitetemeka ni vidonge. Miaka miwili kabla ya siku ya kuchambua mchele, kliniki moja ilinipa vidonge vya kupanga uzazi ili hedhi ipangike. Ni dawa halali ya PCOS na imewasaidia wengi, lakini aina niliyopewa ina estrojeni, na estrojeni inaweza kupandisha presha. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mwanamke ambaye presha yake inafika 140 kwa 90 kwa kawaida asipewe aina hiyo. Kumpima presha mtu huchukua dakika chache. Nilimeza vidonge vile miezi kumi na minne nikiumwa na kichwa kila alasiri, na nikidhani ni jua la Mombasa. Siku hizi simezi tena vidonge vyenye estrojeni. Natumia metformini kwa ajili ya insulini na amlodipini kwa presha. Hata uchaguzi huo wa dawa una historia ya asili ndani yake, maana mwongozo wa Uingereza huwaanzishia watu wa asili ya Afrika wasio na kisukari dawa za kundi hilo la amlodipini. Baadhi ya dawa nyingine za presha humdhuru mtoto tumboni, nami bado natamani mtoto, kwa hiyo nilimweleza daktari hivyo kabla hajashika kalamu.

Kuna sababu nyingine inayotuchelewesha kugunduliwa, nayo imo katika malezi yetu mazuri. Kipimo cha nywele za mwilini kinachotumiwa na madaktari kilianza London mwaka 1961 kwa kazi ya Ferriman na Gallwey, na mwongozo wa sasa unakubali kwamba mpaka wake hutofautiana kwa asili, kati ya alama 4 na 6, kwa kuwa wanawake wa Asia Mashariki huwa na nywele chache, na wa Mashariki ya Kati na Asia Kusini huwa nazo zaidi. Lakini mwanamke wa Mombasa haendi kwa daktari na nywele kidevuni. Amekwisha kuzitoa kwa uzi, au kwa halawa ya sukari na ndimu, kama somo wake alivyomfundisha. Daktari huona ngozi laini na kuandika kwamba hakuna kitu. Inabidi aulize, na inabidi sisi tujibu. Swali langu la kwanza kuhusu maradhi haya sikumpelekea daktari, nilimpelekea mwalimu wangu wa madrasa mwezi wa Ramadhani: damu hii isiyokatika ni hedhi au ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, nifunge au nisifunge? Alinijibu vizuri kwa elimu yake, kisha akaniambia, na namwombea kheri kwa neno hilo, kwamba damu ya namna hii inataka tabibu pia. Nilikuwa na miaka 17. Nilichukua miaka tisa kumfuata huyo tabibu.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Mwongozo wa 2023 haukupata lishe moja inayozishinda nyingine zote kwa PCOS, na hilo lilinipa faraja, kwa sababu sikuwa tayari kuishi bila mbaazi za nazi. Nilichopunguza ni mahamri ya asubuhi, kutoka manne hadi moja, sukari ya chai, na ile chumvi tunayoimwagia embe mbichi pamoja na pilipili mpaka vidole vinawasha. Jioni, jua likipungua, mimi na jirani yangu hutembea mpaka Mama Ngina na kurudi. Yeye amepunguza sentimita tatu za kiuno na trigliseridi zake zimeshuka hadi 1.9. Mimi uzito wangu haujashuka sana, lakini presha imeshuka, 128 kwa 82 mara ya mwisho, na hedhi yangu imekuja miezi mitano kati ya sita.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 16 alikuja kukaa kwetu likizo. Shingo yake nyuma imeiva weusi wa mahameli, na mama yake, wifi yangu, amekuwa akiisugua kwa dodoki na ndimu kila Ijumaa akidhani ni uchafu, mpaka ngozi imechubuka. Nilimweka wifi chini nikamwonyesha shingo yangu mwenyewe. Nikamweleza kwamba weusi huu mara nyingi ni insulini inayozungumza kupitia ngozi, na kwamba kwenye ngozi nyeusi watu huuona na kuupita. Kwa umri wa mtoto yule picha ya ovari haifai kumhukumu, kwa hiyo hatukwenda kupiga picha. Tulikwenda naye akapimwa presha kwa mkanda unaoutosha mkono wake, akanywa glukosi, akasubiri saa mbili akisoma kitabu chake cha shule. Presha ilikuwa 118 kwa 74. Sukari ya pili ilikuwa 8.1. Wifi aliiandika tarehe ya kurudi nyuma ya kadi ya kliniki, na usiku ule akampaka mtoto mafuta ya nazi pale alipochubuka.